Matanga Bila Chumvi

Mama yetu alipokufa, tulizima chumvi. Ndivyo tunavyosema katika ukoo wa baba yangu. Watoto wa marehemu hawaonji chumvi tangu siku ya kaburi hadi siku ya kuondoa matanga. Wageni wanaokuja kulia hupikiwa chakula chao kama kawaida, na sisi watoto tuna sufuria yetu pembeni: sombe ya majani ya muhogo bila chumvi, maharage bila chumvi, na bugali. Mimi nauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni Mulongwe hapa Uvira, lakini siku zile sikuwaonja, maana wengine hukaushwa kwa chumvi. Wazee husema aliyekufa haonji kitu, nawe umsindikize kidogo njiani kwa ulimi mtupu. Kwetu safari hiyo huchukua majuma matatu.

Tulikuwa tumebaki watoto wawili tu, mimi binti mkubwa na mdogo wangu wa kiume. Yeye ni fundi cherehani. Tangu ndoa yangu ilipoisha tulikuwa tunakaa nyumba moja na mama, karibu na mto Mulongwe, mahali ambapo kila msimu wa mvua tunapandisha magodoro juu ya meza.

Mdogo wangu ana ugonjwa. Hilo ndilo jambo ambalo nyumba yetu haikulisema kwa miaka mingi. Alipokuwa kijana alianza kukosa usingizi, akawa anaongea bila kupumzika, akagawa bure nguo za wateja, akasema amepewa kazi ya kujenga daraja kutoka Uvira hadi ng'ambo ya ziwa. Baada ya hapo akalala kitandani miezi miwili akigeukia ukuta. Mama alimpeleka Bujumbura, wakampa vidonge. Tangu hapo alikuwa mtu kama watu. Majirani waliambiwa ilikuwa malaria iliyopanda kichwani, nao wakakubali, au walijifanya kukubali. Kila baada ya miezi miwili mama alivuka mpaka wa Burundi pale Kavimvira na kikapu chake kama mwenye kwenda kununua vitambaa, akarudi na boksi la dawa chini ya vitambaa hivyo.

Dawa ile alikuwa anaitoa yeye mwenyewe, asubuhi na jioni, kwa mkono wake. Hakutufundisha. Halafu asubuhi moja alianguka akifua, mdomo ukapinda, na hakusema neno tena mpaka alipokufa siku ya tatu.

Nilitoa boksi chini ya sanduku lake jioni ileile ya kaburi. Ndani kulikuwa na karatasi ya daktari kwa Kifaransa. Mimi niliishia darasa la sita, nasoma pole pole. Nilielewa: kimoja asubuhi, kimoja jioni. Sentensi ya chini ilikuwa imepigwa mstari kwa kalamu nyekundu, inasema asiache hata siku moja. Yaliyokuwa nyuma ya karatasi yalikuwa mengi na madogo, sikuyasoma. Nilishika lile lililopigwa mstari.

Kwa siku ya kuondoa matanga, ukoo wote huvaa kitambaa kimoja, na kazi ya kushona ilikuwa ya mdogo wangu. Nguo kumi na nne. Aliweka cherehani barazani, chini ya bati, kwenye joto, akashona tangu asubuhi. Mgongo ulimuuma tangu siku ya kubeba mawe ya kaburi, akawa ananunua vidonge vya maumivu pale kwenye duka la dawa, ibuprofeni, wanavyouziwa watu wote. Maji alikunywa machache. Alisema chakula kisicho na chumvi hakimpi kiu.

Juma la pili nilitoka barazani kuchukua nguo yangu nijaribu, nikaona mshono wa ubavuni unayumba. Siyo kidogo. Ulikwenda huku na huku kama njia ya mbuzi. Mdogo wangu ni mtu ambaye akishona mshono uliopinda anaufumua kabla hujauona. Nikamwangalia mkono. Mkono wake ulikuwa na mtetemo mdogo tangu alipoanza dawa ile, tuliuzoea, haukumzuia kazi. Sasa ulikuwa unaruka. Alijaribu kutia uzi kwenye sindano, akakosa, akajaribu, akakosa, kisha akampa binti wa jirani amtilie bila kuniangalia.

Nikajiambia ni kilio. Watu hutetemeka kwa kilio.

Siku iliyofuata alikuwa anatembea ameachanisha miguu, kama mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi. Maneno yakawa mazito mdomoni. Baba yetu mkubwa, ambaye ndiye alikuwa mkuu wa matanga, alikuwa ameketi na wanaume wenzake kwenye mkeka, akamwita kwa sauti ili wote wasikie.

"Fundi, weye unashona nguo zetu na kasiksi? Utatuvalisha mikono miguuni."

Wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, kwa sababu nilifurahi kupata maelezo. Pombe ya ndizi, basi. Mwanaume aliyefiwa na mama amekunywa kasiksi, Mungu atamsamehe. Nilimkaribia nimnuse mdomo. Haukuwa na harufu yoyote ya pombe. Hapo ndipo hofu iliponiingia, na sikumwambia mtu.

Siku mbili baadaye akaanza kuharisha na kutapika. Anayeishi Uvira anajua neno linalokuja kwanza. Kolera, yaani kipindupindu, kwetu haiji kama mgeni, huja kama shemeji, bila kupiga hodi. Kabla ya saa nne asubuhi mkeka wa wanaume ulikuwa umehamia upande wa pili wa barabara, na jirani alikuwa amemwaga maji ya klori kwenye kizingiti chetu.

Nataka kusema hapa kile nilichofanya, maana nikikiruka, yote yaliyobaki ni uongo. Asubuhi ile nilimpa kidonge chake akakitapika. Nikafikiri: kimetoka, na karatasi inasema asiache. Nikampa kingine. Akatapika tena baada ya muda kidogo. Nikampa cha tatu. Sikujua ni vingapi vilivyobaki tumboni. Nilikuwa naogopa daraja la ng'ambo ya ziwa, naogopa miezi miwili ya ukuta. Nilimshika kidevu kama mama alivyokuwa akifanya, nikasema, "Meza." Akameza kwa utii.

Tulimpeleka kwenye kituo cha kolera, mimi na shangazi yetu, dada mdogo wa baba, kwa pikipiki, yeye katikati. Kichwa chake kilikuwa kinaniangukia begani kama cha mtoto aliyelala. Walituosha mikono na miguu kwa klori, wakamlaza kwenye kitanda kile chenye tundu katikati. Muuguzi alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitazama ndoo iliyo chini ya kitanda, akatazama mgonjwa, akatazama ndoo tena. Akamfinya ngozi ya tumbo. Akashika mkono wake, ukamruka mikononi kama samaki. Kwenye shavu, chini ya ngozi, kulikuwa na kitu kinachochezacheza chenyewe.

Akaniuliza, "Huyu iko anakunywa dawa gani?"

Nikasema, "Hakuna dawa."

Shangazi alikuwa pale. Wagonjwa sita walikuwa pale na watu wao, na mmoja alikuwa mteja wangu wa ndagala. Miaka yote ya kikapu cha mama ilikuwa mdomoni mwangu, nikasema hakuna. Muuguzi alinitazama kidogo, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Niliketi kwenye jiwe nje. Sijui ni muda gani, jua lilitoka kwenye mguu mmoja likaja kwenye mwingine. Nilimsikia mdogo wangu ndani akimwita mama, neno lenyewe halikutoka vizuri, lilitoka kama la mtu mwenye kokoto mdomoni. Nikafikiri, kama atakufa, nitazika naye jibu nililotoa. Boksi lilikuwa ndani ya kitambaa nilichojifunga kiunoni, maana nilikuwa nimelibeba ili nimpe cha jioni.

Nikarudi ndani nikamwekea muuguzi boksi mkononi. Nikasema, "Nilidanganya, dokta. Anakunywa hii. Na leo nimempa tatu."

Alisoma jina, akavua miwani. Akasema polepole kwamba hii ni lithiamu, na kwamba aliwahi kuona mtu mmoja tu wa namna hii, zamani, alipokuwa anafanya kazi mji mwingine. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema, "Mama, kuanzia sasa hata kimoja usimpe. Hata akikuomba. Dawa imejaa katika damu yake, haitoki."

Shangazi, aliyekuwa amesikia yote, alisema basi apewe maziwa, au mafuta ya mawese, kama tunavyompa aliyekula sumu. Muuguzi akakataa kwa nguvu. Mtu anayesinzia hivi, alisema, ukimmiminia kitu mdomoni kitaingia kwenye mapafu, na maziwa hayatoi dawa hii. Hata makaa wanayopewa watu wengine waliokunywa sumu hayaishiki hii. Alimgeuza alale ubavu, akamfungia serumu, ile ya maji ya chumvi, akamwambia shangazi ashike chupa juu. Halafu akanivuta pembeni. Alisema anayetakiwa kuitoa dawa ile ni figo, na figo zake zimechoka. Hapa hakuna mashine ya kupima dawa ile katika damu, wala ya kuosha damu. Bujumbura zipo. Ilikuwa saa saba mchana. Akaandika barua, akaniambia twende wakati mpaka bado uko wazi, na njiani nimwongeleshe, na akianza kukakamaa nisimtie kitu mdomoni, nimlaze ubavu nisubiri.

Aliita gari la mtu anayemfahamu. Njia ya kwenda Kavimvira siyo ndefu. Siku ile ilikuwa ndefu kuliko ndoa yangu yote. Nilishika chupa ya serumu mkono mmoja, mkono mwingine kifuani mwake. Nilimwongelesha. Nilimuuliza majina ya wateja wake, nguo ya nani imebaki mikono, nguo ya nani imebaki kola. Mwanzoni alijibu. Kabla ya kufika akawa ananitazama tu kama ninaongea lugha ya watu wengine.

Mpakani kulikuwa na foleni ya wanawake na beseni za nyanya, na wabadilisha pesa kwenye viti vyao vya plastiki. Kijana wa afya wa mpakani alikuja na kile kipimo cha joto cha paji la uso, akatazama ndani ya gari, akaona serumu, akaona nguo zilizochafuka, akarudi nyuma hatua mbili.

"Huyu hapiti. Iko na kolera."

Nikamwambia siyo kolera. Akasema wote wanasema hivyo. Nikampa barua, hakuigusa. Akamwita mkubwa wake, mwanaume mnene mwenye kalamu sikioni, naye akasimama mbali kama yeye. Akasema jirani zetu wa Burundi watafunga mpaka wote kwa ajili ya mtu mmoja. Alikuwa na haki. Ningekuwa yeye ningesema vivyo hivyo. Aliuliza, "Anaharisha, haharishi?"

"Anaharisha," nikasema.

"Basi rudini."

Wanawake wa nyanya walikuwa wamegeuka. Mmoja wao alishonewa sare za watoto wake na mdogo wangu. Mbadilisha pesa mmoja aliinuka kutoka kitini mwake ili aone vizuri, alikuwa mtu wa mtaa wetu. Nikaona kwamba nikinyamaza, siri ya mama itavuka na mwanawe atabaki.

Nikashuka kwenye gari nikiwa bado nimeinua chupa, mpira wa serumu ukapita dirishani. Nikainua na boksi kwa mkono mwingine. Nikasema kwa sauti, mimi ambaye sokoni wananiita Bubu: "Ndugu yangu iko na ugonjwa wa kichwa tangu zamani. Anakunywa dawa hii. Imemzidi, na miye ndiye nimemzidishia. Ni hiyo inamuharisha. Soma barua, baba, hata kama utaisoma ukiwa mbali."

Kisha yule mama wa sare akasema, kana kwamba anazungumza na nyanya zake, "Kolera haitikisi mtu mikono hivyo. Mie nimeuguza watatu." Na yule mbadilisha pesa akaongeza, "Patron, sisi wote tunajua huyo fundi aliuguaga kichwa. Siyo leo."

Walijua. Miaka yote walijua, na vitambaa vya kikapuni pia walivijua.

Mkubwa yule alivaa glavu, akasoma barua mara mbili, akapiga simu upande wa pili. Wakaongea Kirundi muda mrefu. Mwishowe wakatupulizia klori, gari na sisi na boksi, wakatupitisha kando ya foleni. Upande wa pili gari la wagonjwa lilikuwa linasubiri. Mdogo wangu alikuwa amefumba macho. Nilimfinya sikio mpaka akayafumbua.

Huko Bujumbura walitoa damu, na baada ya hapo watu wakaanza kutembea haraka. Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwa umri kuliko mimi. Walimfunga kwenye mashine ya kuosha damu, akatoka, kesho yake wakamfunga tena kwa sababu dawa iliyojificha ndani ya mwili ilikuwa imerudi kwenye damu. Usiku wa kwanza alikakamaa mara moja. Siku tatu aliniita mama, na mimi niliitika, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kumwambia mara mbili kwamba amekufa.

Daktari aliniuliza maswali mengi. Vidonge vya maumivu? Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa. Maji? Machache. Kisha akauliza alikuwa anakula nini, nikamwambia juu ya kuzima chumvi, bila kufikiri, kama ninavyomwambia mtu rangi ya nguo. Akaacha kuandika.

Alinieleza hivi. Dawa hii na chumvi ni kama ndugu mbele ya figo. Mwili ukikosa chumvi, figo hushika kila kinachofanana nayo, na hivyo huishika dawa pia badala ya kuitoa; vidonge vile vya maumivu na maji machache huzidisha. Tulikuwa tumezima chumvi tangu siku ya kaburi. Kila siku ya kumlilia mama ilikuwa inaongeza dawa katika damu ya mtoto wake, hata kabla ya vile vidonge vitatu. Mtetemo ule mkubwa, mwendo ule, maneno yale mazito, kuharisha kule: hiyo ndiyo ilikuwa dawa ikibisha hodi. Akasema mtu wa dawa hii akianza kuharisha au kutapika kwa sababu yoyote, hapewi kidonge kingine, anasimamishwa, na anapelekwa kuonwa siku hiyohiyo. Yote hayo yalikuwa nyuma ya ile karatasi.

Nilipokuwa nimeketi pale nikakumbuka matanga ya baba. Tulikuwa tumezima chumvi vilevile. Na kila jioni nilimwona mama akimwita mdogo wangu nyuma ya jiko, akimpa bakuli lake peke yake, na kikombe kikubwa cha maji, akisimama mpaka amalize. Nilimwonea wivu. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye watoto, nikaona wivu kwa bakuli la maharage. Nilifikiri anamdekeza. Sikumuuliza mama kitu, nilikaa na hasira yangu kimya, na ule ukimya ndio ulioniachia boksi bila maelezo.

Siku ya nne alinitazama, akaniita dada na siyo mama, akasema, "Yaya, umekonda." Nikatoka nje ya chumba nikalia, mara ya kwanza tangu kaburini.

Tuliporudi Uvira matanga yalikuwa yameondolewa bila sisi, na watu walivaa nguo zisizo na kola. Baba mkubwa hakutuambia kitu kuhusu kasiksi, lakini alikuja mwenyewe na kuku. Shangazi ndiye aliyesema, huku akinisaidia kupanga vyombo, kwamba tulikula chumvi ya ugenini kabla mama hajafika alikokuwa anakwenda. Nilimwambia ni kweli, tulikula. Nikamwambia na sababu, yote, pamoja na figo. Alipanga sahani ya mwisho, akasema kwamba hakuna aliyewahi kuwaambia wazee kwamba katika nyumba ile kuna mtu asiyeweza kuzima chumvi. Hilo pia ni kweli.

Mdogo wangu hakurudi mzima. Anatembea akigusa ukuta. Maneno yamerudi, ila ya haraka humshinda. Daktari alisema huenda yatapona zaidi, huenda yatabaki hivyo, na hakuniahidi. Mashine ya kushonea anaitumia kwa mishono iliyonyooka tu. Na ile dawa wameisimamisha, wamempa ya aina nyingine, ambayo bado wanaiangalia.

Nilimwambia yote mwezi uliofuata, tukiwa barazani. Vidonge vitatu. "Hakuna dawa." Jiwe nililokalia nje wakati yeye anamwita mama. Alisikiliza akitazama mikono yake juu ya magoti. Nilingoja aniambie amenisamehe, na hakusema hivyo. Alisema, "Mama alinificha dawa yangu, weye ukanificha hatari yake. Kila mtu aliijua isipokuwa mimi. Lete hilo boksi jipya." Nikaleta. Akaniomba nimsomee karatasi, mbele na nyuma, na pale Kifaransa kiliponishinda alimwita binti wa jirani, anayesoma sekondari, akamwambia asome kwa sauti, barazani, watu wakipita.

Sasa anameza mwenyewe. Mimi sishiki kidevu cha mtu. Lakini sijaacha kuogopa, hofu imebadilisha upande tu. Zamani niliogopa mikono yake, leo naogopa usingizi wake. Dawa hii mpya inaweza isitoshe, na kule kwenye kuongea bila kupumzika anaweza kurudi. Kila asubuhi namkuta barazani na chai, namuuliza usiku amelala kwa muda wa saa ngapi. Jana alisema amelala mbili tu. Hakunificha, na mimi sikujifanya sijasikia. Tulimaliza chai, nikaacha kibanda cha ndagala kimefungwa, tukachukua vitambulisho vyetu, tukaanza kwenda Kavimvira ili tuvuke kwa daktari, yeye akishika bega langu mahali ambapo hapakuwa na ukuta.